Sare ya Mafeni

Ujumbe wa kamati uliingia kwenye simu ya Letisia Jumanne asubuhi, wakati anahangaika kutia uzi kwenye sindano ya cherehani. Miwani yake ilikuwa imepotelea kwenye lundo la nguo, kwa hiyo alimwita mumewe aje amsomee. Lupakisyo alisoma kwa sauti ya mtu anayewatangazia abiria kwamba treni imechelewa. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa reli pale stesheni ya Munisagara, na sauti hiyo ndiyo ilikuwa urithi wake, pamoja na mkanda mmoja wa ngozi wenye bizimu ya shaba.

"Kamati ya sendofu ya kumuaga binti yetu Agatha inawakaribisha wakwe zetu wa Kilosa, ukumbini Mikumi, Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri. Wakwe wavae sare. Rangi ni bluu na njano. Tunasisitiza sare."

"Wamesisitiza," alisema Letisia.

"Wamesisitiza mara mbili. Hapa katikati na hapa mwisho."

Letisia aliweka sindano chini. Mto Mkondoa ulikuwa umepita shambani kwao mwezi wa nne na kuondoka na vitunguu vyote, na kilichosalia kilikwenda kwenye mahari na pete. Kununua kitenge kipya cha watu kumi na wanne ilikuwa ndoto. Lakini kwenda bila sare ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kule Mikumi kulikuwa na Anastazia.

Anastazia alikuwa shangazi mtu, dada wa baba yake Agatha. Siku ya kupeleka mahari aliviangalia viatu vya Lupakisyo kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kabisa kama Kilosa kuna mafundi viatu. Lupakisyo alijibu kwamba wapo, tena wengi. Ni njiani wakati wa kurudi, walipofika kijiji cha Ulaya, ndipo alipoelewa swali lile, na tangu hapo hakulisahau.

"Tukienda ovyo, atakayedharauliwa si sisi," alisema Letisia. "Sisi tutarudi Kilosa. Beda ndiye anaishi kule. Kila akikaribishwa ugali ukweni atakuwa anakumbushwa sare."

Beda alikuwa mtoto wao wa pekee, mpishi katika hoteli moja ya watalii Mikumi, kijana wa miaka ishirini na tisa asiyejua kusema hapana. Mama yake alimpenda mpaka akamwonea huruma.

"Basi?" aliuliza Lupakisyo.

"Basi nitafumua kitu."

*

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mafundi wengine wa Kilosa walisubiri mteja alete kitambaa. Letisia alikwenda gulioni kununua nguo ambazo hazikutakiwa na mtu, koti lenye mkono mmoja, shati lenye doa tumboni, sketi ya mtu mnene kupita kiasi, akazifumua na kuzishona upya mpaka mwenyewe wa zamani asingezijua. Mwaka jana gesti moja ya Rudewa ilipofunga biashara alinunua mapazia yake ya rangi ya dhahabu, akayatengeneza gauni la jioni lenye bitana ya shuka. Yassin, muuza mitumba, alilichukua gauni lile na kuliuza akiapa kwamba limetoka Dubai.

Alhamisi Letisia alimkuta Yassin ameketi juu ya gunia la salfeti lililofungwa kamba.

"Shikamoo mama Beda. Nimekuwekea kitu."

"Marahaba. Ukisema umeniwekea, najua kimekushinda kuuza."

Yassin alicheka, akafungua. Ndani mlikuwa na magauni kumi na mawili ya kitenge kimoja. Kitenge chenyewe kilikuwa cha bluu iliyokolea, na juu yake yametapakaa mafeni ya njano, yale ya kusimamisha sebuleni, yenye mguu mrefu na mapanga matatu. Letisia alikuwa ameona vitenge vya kuku, vya funguo, vya viatu vya mchuchumio. Cha mafeni alikuwa hajakiona. Na rangi zilikuwa zilezile zilizoagizwa.

"Yametoka wapi?"

"Huko njia ya Ifakara, mama. Mbali."

"Mbona yote sawa?"

"Si ni sare. Unawajua watu. Sare ikishavaliwa siku moja haina tena kazi."

Hilo lilikuwa kweli, na Letisia hakuona sababu ya kubisha. Aliyakagua magauni moja moja kama daktari. Makwapa masafi. Mapindo masafi. Manukato bado yalikuwa yananukia kwa mbali. Kwenye mfuko wa gauni moja alikuta kitambaa cha karatasi cha kujifutia mikono, cha bluu, kimekunjwa mara nne na hakijaguswa na mchuzi.

"Hii sherehe gani, watu hawakula?" aliuliza.

"Labda walishiba kwa furaha," alisema Yassin.

Swali lile lingemwokoa kama angelifuata. Lakini fundi akishapenda kitambaa haulizi tena. Walikubaliana bei ndogo, na Letisia akaahidi kumkatia Yassin suruali kumi bila malipo.

*

Siku nane zilizofuata nyumba yao ilijaa mafeni. Magauni yalikuwa ya mtindo wa miaka miwili iliyopita, yana mikono mikubwa iliyotuna kama mito ya kulalia, na hapo ndipo Letisia aliposhangilia, maana kila mkono ulitoa kilemba kizima. Chini ya gauni alipata sketi. Kifuani alipata kola na mifuko ya kubandika kwenye mashati meupe ya mtumba, ya wanaume kwa wanawake. Vipande vidogo alivifunika juu ya vifungo vya zamani akapata hereni. Suruali mbili za jinzi zilizokufa magotini ziligeuka mikoba.

Jirani yake Yusrah ndiye alikuwa mfumuaji. Yusrah pia alikuwa amepangwa kwenda sendofu kama shangazi wa bwana harusi. Ukoo wa Lupakisyo ulikuwa Tukuyu, na nauli ya Tukuyu si ya mchezo, kwa hiyo nusu ya ukoo uliokuwa unajiandaa kwenda Mikumi ulikuwa ni majirani.

"Nikiulizwa jina la babu yenu nisemeje?" aliuliza Yusrah huku akivuta uzi kwa meno.

"Mwakyusa," alijibu Lupakisyo kutoka mlangoni.

"Hilo sitalikumbuka. Nitasema nina mafua."

Jumamosi mchana kila mtu alikuwa ameshavaa, na basi dogo la Costa walilolikodi lilikuwa linapiga honi nje, wakati ile sauti ya reli ya Lupakisyo iliposikika chumbani.

"Mama Beda. Mkanda wa baba siuoni."

"Upo."

"Uko wapi?"

Letisia alinyoosha kola ya mtu ambayo haikuhitaji kunyooshwa. "Kwenye mkoba wa Yusrah. Ndiyo mshikio. Ngozi nzuri namna ile, baba Beda, unaificha chini ya shati kila siku."

Lupakisyo alitoka ameshika suruali. Alimwangalia Yusrah, akaangalia mkoba, akaiona bizimu ya shaba ya marehemu baba yake inang'aa begani kwa jirani. Ilipendeza, na hilo ndilo lilimkera zaidi. Letisia alimfunga kiunoni utepe wa mafeni, akauvuta mara mbili na kumhakikishia kwamba hautalegea.

*

Walifika Mikumi saa tisa kasoro. Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa tepe na mashada ya bluu na njano, na Letisia alijipongeza moyoni, maana sare yake na ukuta vilipatana kana kwamba vimekatwa siku moja.

Msema chochote, yaani emsii, aliwaita waingie. Waliingia kwa kucheza, wawili wawili, kama inavyotakiwa, sketi za mafeni zikipepea, Yusrah mbele na mkoba wake. Meza za upande wa bibi harusi zilipiga vigelegele. Vigelegele vile vilianza vizuri, kisha vikafa kimoja kimoja, kuanzia meza za mbele kwenda nyuma. Mama mmoja alishika mdomo. Mwingine alimgusa mwenzake na kumwonyesha kwa kidevu.

"Wameduwaa," Letisia alimnong'oneza mumewe kwa furaha. "Hawakutegemea."

"Cheza polepole," alisema Lupakisyo, mkono mmoja hewani na mwingine kiunoni.

Walipoketi tu, Anastazia alinyanyuka. Alikuwa amevaa gauni la dhahabu lililofika sakafuni. Alikata ukumbi katikati mpaka kwenye meza yao, na Beda, ambaye alikuwa ameketi na wapambe wake, akaanza kumfuata kwa wasiwasi.

"Nani amewatuma?" aliuliza Anastazia.

"Shikamoo mkwe," alisema Letisia.

"Nauliza nani amewatuma kuja kutusimanga. Miaka miwili iliyopita, ndani ya ukumbi huu huu, sisi tulikaa na mafeni haya mwilini kusubiri wakwe. Wakwe wa mwanamume mwingine, si nyinyi. Tukasubiri mpaka kuku wakapoa. Hakuja mtu. Bwana harusi akatuma meseji kwamba anaomba radhi, yuko Tunduma. Meseji, mkwe. Na leo mnaingia mnacheza mmevaa aibu yetu."

Meza nzima ilijitazama vifuani. Letisia alikumbuka kile kitambaa cha karatasi kisichoguswa na mchuzi, na akaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Mama," alisema Beda kwa sauti ndogo, "nguo hizi umezitoa wapi?"

"Wewe ulijua habari ya huyo wa Tunduma?"

"Agatha aliniambia. Nguo hakuniambia."

Lupakisyo aliona sasa zamu yake imefika. Alisimama, akakohoa, akatoa sauti yote ya Munisagara. "Tumekuja kwa heshima. Viatu vyetu vilidharauliwa, tukanyamaza. Sasa nguo. Jamaa zangu, inukeni, twendeni kwenye gari."

Alipiga hatua moja. Utepe wa mafeni ulilegea kama ulivyoahidiwa kwamba hautalegea, suruali ikateleza mpaka mapajani, na mkuu wa ukoo akaketi haraka kuliko alivyosimama. Hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kuchekwa.

Mama yake Agatha, Agnesi, alifika wakati huo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alimshika Letisia mkono na kumwambia twende nyuma.

*

Nyuma ya ukumbi, karibu na masufuria ya pilau, Anastazia hakunyamaza. Alitaka wakwe wavue. Zikopwe kanga kwa majirani, au wakae nje kwenye turubai mpaka sherehe iishe.

"Msichana yuko kwenye gari hapo barabarani, anasubiri kuitwa," alisema. "Akiingia akayaona haya atazimia. Au atageuza gari. Mnataka ndoa ivunjike mara ya pili?"

Letisia hakutaka. Alikuwa tayari kuvua hapo hapo na kujifunga gunia la mchele. Alitaka kusema hivyo, lakini Anastazia alinyanyua mkono wa kulia kuonyesha gari lilipo, na kwapani kwa gauni la dhahabu pakatoa mlio mdogo. Mshono ulikuwa umefunguka upana wa vidole vinne, na ndani yake ikachungulia bitana. Bitana ile ilikuwa na maua madogo ya waridi. Ilikuwa shuka. Letisia aliijua shuka ile, na chumba ilichotoka kule gesti ya Rudewa alikijua, namba nne, upande wa choo.

Fundi hatembei bila sindano. Yake ilikuwa imechomekwa nyuma ya kola, na uzi wake umezungushwa. Aliichomoa.

"Mkwe, usishushe mkono," alisema. "Mshono umeachia."

"Niache."

"Watu watakuona. Simama hivyo hivyo, uendelee kunisema."

Anastazia alijaribu kuendelea. Ni vigumu kumgombeza mtu ambaye amekushika kwapa na sindano, lakini alijitahidi. Alizungumzia ustaarabu, alizungumzia watu wa Kilosa, akasema yeye hununua vitu vya maana, kama gauni hili, la Dubai.

"Ni zuri," alisema Letisia, akivuta uzi. "Ila hapa kwapani kitambaa hakikutosha, nikaongeza kipande. Ndiyo maana panaachia. Ningejua ni la mtu mwenye mikono iliyojaa ningeongeza zaidi."

Pilau ilichemka. Anastazia aliinamisha macho polepole, akaangalia bitana, akaangalia mikono ya fundi.

Letisia alikata uzi kwa meno. Angeweza kulisema jambo hilo ukumbini, na kwa kinywa cha Lupakisyo lingefika mpaka stendi. Alilifikiria, na kwa sekunde chache lilikuwa tamu. Kisha akamwona yule mama anaupapasa mshono kwa mkono wa kushoto, akamhurumia.

"Tayari," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna anayejua isipokuwa sisi, mkwe. Na uzi ni mzuri."

Agnesi, aliyekuwa amesimama pembeni akisugua mikono kwenye kanga, alianza kulia, halafu akacheka katikati ya kilio.

"Ni mimi," alisema. "Magauni niliyauza mimi. Ndugu zangu walinitupia wote siku ile ile, hakuna aliyetaka kuyaona. Yamekaa chini ya kitanda changu miaka miwili. Akapita kijana wa mitumba na pikipiki, nikamwambia beba, peleka mbali. Akaniapia atayapeleka Ifakara."

"Alinipa salamu za Ifakara," alisema Letisia.

"Na hizo tepe ukutani ni zile zile, mkwe. Nilizitunza. Sikuwa na za kununua nyingine. Ndiyo sababu niliwaagiza bluu na njano."

Wanawake watatu walitazamana. Hakuna aliyebaki na cha kumcheka mwenzake. Kutoka ndani sauti ya emsii iliita kwenye spika kwamba bibi harusi anaingia, kila mtu asimame, na ikawa hakuna tena muda wa kuvua.

*

Agatha aliingia na mpambe wake, amevaa gauni jeupe la kukodi lililombana kifuani, macho chini. Letisia alikuwa amerudi mezani na kusimama nyuma ya Lupakisyo, akijaribu kumtumia kama pazia. Haikusaidia. Mafeni yalikuwa kumi na manne ukihesabu watu, na mia kadhaa ukihesabu mafeni yenyewe.

Bibi harusi aliinua macho katikati ya ukumbi na kusimama. Wimbo uliendelea peke yake kidogo, kisha mpiga muziki akauzima. Beda alisimama, akakaa, akasimama tena. Agatha aliyatazama yale mafeni, kola kwa kola, kilemba kwa kilemba, na uso wake haukusema kitu. Letisia alishika kiti cha mumewe kwa nguvu. Aliwaza kwamba mwanawe atakataliwa mbele ya watu mia mbili, na kwamba mikono iliyofanya hivyo ni yake.

Agatha alinyoosha mkono kwa emsii, akapewa kipaza sauti.

"Nguo hizi nazijua," alisema.

Beda alikaa tena.

"Mara ya kwanza zilikaa upande ule," akaonyesha meza za kwao. "Zilikuja kunisindikiza, na mimi sikuwa na mtu wa kunipokea. Nililia sana siku ile, wengine mliniona." Akageuka upande wa Kilosa. "Leo zimekaa upande huu. Zimekuja kunichukua. Basi nami nakwenda."

Akakwenda kweli, moja kwa moja mpaka kwa Beda, kabla emsii hajatangaza utaratibu wa kumtafuta bwana harusi. Vigelegele vya kwanza vilitoka kwa Anastazia, ambaye alivipiga akiwa amebana mkono wa kulia ubavuni. Ukumbi ulilipuka. Lupakisyo alisahau kila kitu akanyanyua mikono yote miwili kushangilia, na Yusrah, aliyekuwa amejiandaa, akamvisha mkoba kiunoni na kumfunga kwa mshikio wake. Alicheza hivyo mpaka jioni, na mkoba wa jinzi unaning'inia mbele, na kila aliyeuliza aliambiwa ni mtindo wa Kilosa.

Wakati wa keki Agatha alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Alimlisha kipande, kisha hakunyanyuka. Alikuwa anaishika kola ya mafeni, anauangalia mshono.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Sikujua."

"Mimi ninalo moja pia, mama. Si la mafeni. Gauni langu la siku ile, jeupe. Liko kwenye sanduku, sijalifungua tena. Hili la leo nimekodi, linanibana. Nilikuwa naogopa kuvaa lile kanisani, watu watasema lina mkosi." Aliiachia kola. "Unaweza kulifanya likawa jingine?"

Kwa kuwa alikuwa fundi, Letisia aliuliza swali la kifundi.

"Lina doa?"

"La machozi tu. Na wanja kidogo."

"Hayo yanatoka kwa maji baridi," alisema Letisia, akamfuta krimu kidevuni kwa kidole gumba. "Harusi bado wiki nzima. Njoo nalo Jumatatu nikupime. Na umwambie shangazi yako aje na lake, kwapa la kushoto nalo limekaribia."